Dawa, Mashine na Jirani: Historia ya Uponyaji Kandokando ya Ziwa Tanganyika

Hapa Mwandiga, inapoanzia barabara ya kwenda Manyovu na mpaka wa Burundi, mgonjwa ana milango mingi ya kubisha. Kuna zahanati, kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni mjini Kigoma, kuna waganga wa jadi, kuna nyumba za maombi, na duka la dawa liko karibu kuliko vyote. Katika miaka hii michache umeongezeka mlango mwingine, nao ni simu ya mkononi. Kijana anayekosa usingizi kwa mawazo huiandikia simu yale ambayo hajamwambia mama yake wala mchungaji wake, na simu humjibu kwa Kiswahili, tena kwa upole.

Ndiyo maana washarika wanatuuliza maswali mawili. La kwanza: je, ni halali kwa Mkristo kutafuta msaada kwa akili mnemba, yaani mashine inayojibu kana kwamba ni mtu? La pili ni zito zaidi: ikiwa mashine husikiliza usiku na mchana bila kuchoka, kanisa limebaki na kazi gani kwa mtu aliyeumia rohoni? Maswali haya yanaonekana mapya. Lakini tukiitazama historia ya tiba katika nchi yetu na katika ufuko huu wa ziwa, tutaona kwamba waliotutangulia waliyakuta kwa sura nyingine.

Dawa itumike, mgonjwa asiachwe

Swali la kwanza lisitusumbue sana sisi Walutheri. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Wengi walikimbia, lakini Martin Luther na mwenzake Johannes Bugenhagen walibaki, na nyumba ya Luther ikawa mahali pa kuuguzia wagonjwa. Mwaka huohuo Luther alimjibu Johann Hess, mchungaji wa Breslau, aliyeuliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Alifundisha kwamba dawa ni zawadi ya Mungu na anayeikataa kwa kisingizio cha imani anamjaribu Mungu. Alifundisha pia kwamba mwenye dhamana juu ya wengine, awe mchungaji, mtawala, mzazi au jirani, hana ruhusa ya kuondoka na kumwacha mgonjwa bila mtu wa kumtunza.

Mafundisho hayo yanashika mambo mawili kwa pamoja: dawa itumike, na mgonjwa asiachwe. Historia ya ufuko wetu inaonyesha yanayotokea jambo moja linapotengwa na lingine.

Daktari asiye na dawa

Watoto wetu shuleni hujifunza kwamba David Livingstone alikutana na Henry Stanley pale Ujiji mwaka 1871. Wachache hukumbuka kwamba Livingstone alikuwa daktari, na kwamba sehemu kubwa ya safari yake ya mwisho aliitembea bila dawa. Januari 1867, akiwa katika nchi ambayo leo ni Zambia, wapagazi wawili walitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku lake la dawa. Yeye mwenyewe alitambua mara moja kwamba hasara hiyo ingeweza kumgharimu maisha.

Mwanzoni mwa 1869, akiwa magharibi ya ziwa, aliugua mapafu hata hakuweza kutembea. Aliyemtunza alikuwa Mohamad Bogharib, mfanyabiashara Mwislamu. Alimlisha, akampa dawa alizokuwa nazo, akaagiza abebwe kwa machela hadi ufukweni, na kutoka huko akavushwa kwa mtumbwi. Livingstone alifika Ujiji Machi 1869 akiwa dhaifu, lakini hai.

Tukisimulia habari hii tuisimulie yote. Bogharib alifanya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa, biashara ileile ambayo Livingstone aliipinga maisha yake yote. Katika misafara ya namna hiyo walikuwamo watu waliofungwa minyororo, nao walipougua hawakutengenezewa machela. Mtu mmoja alibebwa kwa sababu jina lake lilijulikana, na wengine waliachwa njiani kwa sababu walihesabiwa kuwa bidhaa. Kila tunapopokea tiba mpya hatuna budi kuuliza swali hilohilo: ni nani atakayebebwa, na ni nani atakayeachwa?

Malale na sindano ya atoksili

Miaka zaidi ya 30 baadaye ulikuja ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyekwisha kupata sifa duniani kwa kugundua kijidudu cha kifua kikuu, alifanya utafiti katika visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni wengi walionekana kupata nafuu. Koch alipoongeza kipimo, baadhi yao walipofuka, na upofu huo haukuondoka. Hata hivyo matibabu hayo yaliendelea, na serikali ya Wajerumani ikafungua kambi za malale kandokando ya Ziwa Tanganyika pia. Wagonjwa wengi walizikimbia.

Maafisa wa siku zile waliona katika kukimbia huko ujinga wa wenyeji. Sisi tunaona sababu nyingine. Mgonjwa aliyetengwa na jamaa zake, akachomwa sindano yenye maumivu asiyoelezwa vizuri kwa lugha yake, kisha akamwona mwenzake akipofuka, alikuwa na haki ya kuogopa. Elimu ya Koch ilikuwa ya kweli, na vijidudu alivyoviona kwenye hadubini vilikuwapo. Kilichokosekana ni mazungumzo. Mgonjwa alikuwa chanzo cha damu ya kupimwa, wala hakuulizwa neno. Waingereza nao, katika miaka ya 1920 na 1930, waliwahamisha watu wa magharibi mwa Tanganyika kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o. Hatua hiyo ilizuia ugonjwa, lakini iliwang'oa watu katika mashamba na makaburi ya wazee wao.

Lutindi, na onyo kutoka Ujerumani

Kwa habari ya magonjwa ya akili, kanisa letu lina kumbukumbu inayostahili kuhifadhiwa. Mwaka 1896, huko Lutindi katika milima ya Usambara, ilifunguliwa nyumba ya kulelea watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 nyumba hiyo ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, ikawa ya kwanza ya aina yake katika Afrika Mashariki. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilikuja baadaye, mwaka 1927. Wahudumu wa Lutindi walitoka Betheli, karibu na Bielefeld, Ujerumani, kituo kilichoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya wenye kifafa. Wakati ule dawa za kisasa za magonjwa ya akili hazikuwapo bado. Tiba ilikuwa kuishi pamoja, kufanya kazi za mikono na za shamba, kula pamoja na kusali pamoja. Dawa zilipopatikana zilipokewa, na kazi za mikono hazikuachwa. Lutindi ipo hadi leo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki.

Lakini Betheli hiyohiyo inatupa onyo pia. Sheria ya 1933 ya utawala wa Hitler iliamuru watu wenye magonjwa fulani wafungwe uzazi, na Betheli ilishiriki katika jambo hilo. Kisha, kuanzia 1939, zilitumwa fomu kwenye hospitali za wagonjwa wa akili za Ujerumani. Fomu ziliuliza mgonjwa ana ugonjwa gani, amekaa muda gani, anaweza kufanya kazi gani. Madaktari waliokaa mbali, wasiomwona mgonjwa hata mara moja, waliweka alama ya kuishi au ya kufa. Hadi Agosti 1941 watu wapatao 70,000 walikuwa wameuawa. Mchungaji Paul Gerhard Braune aliandika waraka wa kupinga mauaji hayo mwaka 1940, akakamatwa. Friedrich von Bodelschwingh, kiongozi wa Betheli, naye alipinga.

Hatusemi kwamba mashine za leo zinafanana na fomu zile. Nia ni tofauti kabisa. Tunalosema ni kwamba uovu ule ulirahisishwa na utaratibu mmoja: kumwamulia mtu kwa majibu yaliyoandikwa, bila kumtazama usoni. Kanisa lililowahi kuyaona hayo linapaswa kuwa macho.

Mashine za leo

Tugeukie sasa utafiti wa karibuni. Mwaka 2021 na 2022 watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Afya Ifakara, walijaribu chombo cha kuwasaidia wahudumu wa afya wanaotibu watoto, katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro. Mhudumu alitumia kishikwambi chenye programu iliyomwongoza hatua kwa hatua, pamoja na vipimo vidogo vya papo hapo. Katika vituo vya kawaida, takribani watoto 70 kati ya 100 walipewa antibayotiki. Katika vituo vyenye chombo hicho walikuwa takribani 23, na watoto hawakupona vibaya zaidi kuliko wenzao. Kwa nchi ambayo dawa hizi zinaanza kushindwa nguvu kwa kutumiwa ovyo, hiyo ni baraka.

Jijini Nairobi, taarifa iliyotolewa mwaka 2025 ilieleza matumizi ya akili mnemba katika kliniki 15 za Penda Health, kwa mahudhurio karibu 40,000. Mashine ilisoma maandishi ya mhudumu na kumtahadharisha alipoelekea kukosea. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13. Waliofanya kazi hiyo walisisitiza kwamba haikutosha kuiweka mashine mezani. Ilibidi wahudumu wafundishwe na kufuatiliwa na wenzao. Katika tafiti hizi zote mbili mashine ilizungumza na mhudumu, na mhudumu ndiye aliyezungumza na mgonjwa.

Katika magonjwa ya akili mambo ni magumu zaidi, maana hapo mazungumzo yenyewe ndiyo tiba. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT cha Marekani, alieleza programu aliyoiita ELIZA, iliyorudisha maneno ya mtu kwa namna ya maswali. Haikuelewa chochote. Hata hivyo watu waliifungulia mioyo, na katibu wake mwenyewe alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani. Weizenbaum alishtuka, akatumia miaka mingi kuonya watu. Mashine za leo zina uwezo mkubwa kuliko ELIZA, lakini kiu ya mwanadamu ya kusikilizwa ni ileile.

Sisi wa Kigoma tunaijua kiu hiyo. Wengi tunakumbuka Mei 2015, Warundi walipojaa Kagunga, kipindupindu kikaingia kati yao, na MV Liemba ikawa inawasafirisha hadi Kigoma ili waende kambi ya Nyarugusu, ambako Wakongo walikuwa wamekaa tangu 1996. Katika kambi hiyo watafiti walijaribu mpango ulioitwa Nguvu, kwa wanawake wa Kikongo waliopigwa na kunyanyaswa na wenzi wao. Walikutana kwa vikundi kwa majuma manane, wakiongozwa na wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Huko Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Waliopewa mafundisho mapya waliyasikiliza kwa sauti iliyorekodiwa, wakiwa wameketi pamoja, na mtu wa kuwaongoza akiwapo. Miezi mitatu baadaye walikuwa na unafuu kuliko wenzao ambao hawakuyapata. Sauti ilitoka katika chombo, na faraja ilipokewa ndani ya kundi.

Kazi iliyobaki kwa kanisa

Sasa tunaweza kulijibu swali la pili. Mtu wa Mwandiga akiiandikia simu kwamba anataka kufa, simu inaweza kumpa maneno mazuri na hata kumshauri aende hospitali. Haiwezi kuvaa viatu na kwenda kumgongea mlango. Haiwezi kumkalisha kwenye bodaboda hadi Maweni, kumlindia watoto wake, wala kumletea ugali na migebuka siku ya tatu. Kazi hiyo ni yetu, na tukiiacha hakuna programu itakayoifanya.

Kwa hiyo tunawasihi wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa mambo manne. Kwanza, tuseme wazi mimbarani kwamba sonona, kifafa na magonjwa ya akili ni magonjwa. Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, Mungu alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale. Hakukemewa. Maombi yaendelee na dawa imezwe, na asiwepo mgonjwa wa kufungwa kamba au minyororo kwa jina la Yesu.

Pili, kila jumuiya ya nyumba kwa nyumba iwe na watu wawili au watatu waliofundishwa kusikiliza, na wanaojua mahali pa kumpeleka mgonjwa.

Tatu, tulinde siri. Neno lililosemwa katika maungamo halitoki, lakini neno lililoandikwa kwenye simu huhifadhiwa mahali fulani. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Vijana wafundishwe kuuliza nani anayatunza maneno yao, na nani atawajibika shauri likiwa baya.

Nne, tukumbuke lugha. Mashine zimejifunza kutokana na maandishi, na Kiha kina maandishi machache sana. Bibi anayeeleza uchungu wake kwa Kiha anamhitaji mtu anayekijua.

Mashine njema tuzipokee kwa shukrani, kama Luther alivyozipokea dawa za wakati wake, na wahudumu wetu wa afya tuwaombee wazitumie vizuri. Lakini mgonjwa wa akili aliye katika mtaa wetu tayari tunalijua jina lake. Tumtembelee wiki hii.