Wachagga na Desemba: Safari ya Kwenda "Kuhesabiwa" Ilianzia Wapi

Ikikaribia wiki ya Krismasi, utani wa Dar es Salaam huwa uleule kila mwaka: Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Anayetania ana Injili kichwani, ile sensa ya Kaisari Augusto iliyompeleka Yusufu kwenye mji wa ukoo wake. Anayetaniwa hana muda wa kujibu. Yuko stendi ya Magufuli pale Mbezi, begi begani, anabishana na wakala wa tiketi juu ya nauli iliyopanda tangu jana. Mbele yake kuna kilomita zaidi ya 500 hadi Kilimanjaro: Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Mwanga, na foleni ya magari madogo yaliyojaza watoto, mchele na mabati.

Watu wengi, Wachagga wenyewe wakiwamo, huichukulia safari hii kuwa mila ya mababu. Mababu walikuwa na matambiko na walikuwa na mikutano ya ukoo, lakini mtu aliyezaliwa, kuoa na kuzikwa katika shamba lilelile la ukoo hakuhitaji kurudi kokote. Ili pawe na safari ya kurudi nyumbani, kwanza ilibidi watu waondoke. Na ili wote warudi siku moja, ilibidi waletewe kalenda.

Kalenda ililetwa na wamisionari. Wakatoliki walifungua kituo Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakaanza kazi Machame mwaka 1893. Ramani waliyoichora bado inasomeka mlimani: Kibosho, Uru, Kilema na Rombo kwa sehemu kubwa ni Wakatoliki, Machame, Mamba, Marangu na Old Moshi ni Walutheri. Mtu akikutajia kwao, mara nyingi umeshajua anasali wapi.

Pamoja na kalenda ulikuja ubishi ambao haujaisha: mila zipi ziingie kanisani na zipi zibaki nje? Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ilikuwa kiini cha ubishi huo, kwa sababu haikuwa kinywaji tu. Ndiyo iliyomiminwa kwa wazee waliokufa, ndiyo iliyopelekwa kwa wakwe, ndiyo iliyofunga maneno baada ya ugomvi. Mchungaji Bruno Gutmann, Mjerumani aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliwashangaza baadhi ya wenzake kwa kushikilia kwamba kanisa lijengwe juu ya vitu alivyovikuta: ukoo, ujirani na rika. Alikuwa na upande wake wa kuyapamba ya kale kupita kiasi. Hata hivyo, ukiitazama Krismasi ya leo, ibada asubuhi na kikao cha ukoo mchana, huwezi kusema alikosea.

Kalenda peke yake isingetosha. Kahawa ndiyo iliyoipa Krismasi fedha. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya vita wakulima Waafrika wakapanda mibuni kwa kasi iliyowaudhi walowezi. Mwaka 1925 walianzisha chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichojenga jina kubwa katika Afrika Mashariki. Mlimani kahawa huvunwa kuanzia Julai hadi kuelekea Desemba. Kwa hiyo sikukuu ilimkuta mkulima akiwa na chochote mfukoni, akanunua nguo mpya za watoto, mchele na nyama. Lakini Januari shule zinafunguliwa. Mabishano ya mume na mke juu ya mbuzi wa ndafu na ada ni ya kale kama mibuni yenyewe.

Kilichowaondoa watu nyumbani ni ardhi. Kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, hakiongezeki. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume alitafutiwa sehemu yake, na kitinda mimba akabaki na boma la baba. Waliozaliwa katikati walijitafutia. Wa vizazi vya mwanzo walipata sehemu jirani au walishuka tambarare. Waliofuata walikwenda shule, wakafungua maduka, wakahamia Arusha, Mombasa na Dar es Salaam. Mfumo wa mgawo wa kahawa duniani ulipovunjika mwaka 1989 na bei kuanguka, wengi wakang'oa mibuni. Hapo fedha ikageuza njia. Zamani kahawa ya mlimani ilimsomesha kijana aende mjini. Sasa kijana wa mjini ndiye anayepandisha mlimani saruji, mabati na dawa za wazazi. Desemba anakuja kuona vilivyotumika.

Ndiyo maana mimi siioni Krismasi ya Uchaggani kama likizo. Ni baraza. Kwanza kuna chakula, na chakula chenyewe kina itifaki. Mbege huanza kupikwa siku kadhaa kabla, ndizi mbivu zichemshwe na kuachwa zichachuke, kisha huongezwa uji wa kimea cha ulezi na gome la msesewa. Mbuzi au ng'ombe akichinjwa, kisusio, supu yenye damu, huja mapema, lakini nyama haigawiwi ovyo: ukubwa katika ukoo ndio unaoamua nani apate kipande gani. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeanza utafiti wake mlimani mwishoni mwa miaka ya 1960, aliona kwamba katika machinjo ya namna hiyo ndiko mambo ya ukoo yanakosemwa na kuamuliwa. Anayepewa kipande kidogo kuliko cha mwaka jana ameshapata ujumbe wake kabla hajaketi.

Kisha kikao. Nani alisogeza mpaka? Nani hakuchangia msiba wa Machi? Nani anataka kuuza kihamba kwa mgeni, na makaburi yaliyomo yatakuwa ya nani? Wazee wanalalamika kwamba wajukuu hawajui Kichagga. Wajukuu wanauliza kwa nini familia inajenga nyumba ya vyumba sita inayolala watu wiki mbili kwa mwaka. Swali hilo, kwa kweli, sijawahi kulisikia likijibiwa vizuri.

Lililo gumu kuliko yote ni la mabinti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kikaoni, hata hivyo, bado husikika kwamba binti ana kwake, maana yake kwa mume. Huyo binti pengine ndiye aliyelipia paa la nyumba wanamokaa. Wanaomtetea siku hizi ni wengi kuliko zamani, na si wanawake tu. Baba mwenye mabinti watupu hubadilika haraka. Lakini mara nyingi uamuzi husogezwa mpaka Desemba ijayo.

Serikali nayo imejifunza kuuheshimu msimu huu. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, iliyokuwa imesimama kwa takribani robo karne, ilirudishwa Desemba 2019, na hakuna aliyeuliza kwa nini Desemba. Mwaka 2023 mabasi yakaruhusiwa kusafiri usiku kucha. Kabla ya hapo kulikuwa na miaka ya "vyuma vimekaza", yaani ya ukata wa fedha, 2016 na 2017, ambapo magazeti na vijiwe vilijadili kama Wachagga wangekwenda kweli. Walikwenda, wengine kwa mkopo. Mwanaume aliyebaki Dar alilazimika kueleza kwa simu, na kila ndugu aliyepokea simu hiyo alimwuliza swali lilelile kabla ya kumjulia hali: mbuzi wake ametuma kwa nani?