Tambi za wakimbizi: unga wa msaada, pilipili ya nyumbani

Kwenye kikundi chetu kuna mabishano ambayo hayaishi: bugali ya unga wa mahindi wa mgao, ni bugali ya kwetu kweli, sisi tuliokulia kwenye muhogo? Tuliona tuangalie watu wengine waliopita njia hii. Tukafika Korea.

Kaskazini-mashariki ya Korea, upande wa Hamgyong, ni milima na baridi kali. Viazi vinastawi kule kuliko mpunga. Basi watu wa mji wa Hamhung walitengeneza tambi kwa wanga wa viazi, nyembamba na zinazovutika kama mpira. Walizila baridi, zimechanganywa na pilipili kali na samaki mbichi.

Vita vilianza tarehe 25 Juni 1950. Desemba ya mwaka huo, raia karibu 100,000 waliondolewa kwa meli kwenye bandari ya Hungnam, jirani na Hamhung. Meli moja ya mizigo, Meredith Victory, ilikuwa na nafasi ya abiria 12. Ikabeba watu kama 14,000, na watoto watano wakazaliwa humo njiani. Wakashushwa kusini, kisiwa cha Geoje.

Wengi walidhani ni safari ya muda mfupi. Wengine wakajenga Sokcho, karibu na mpaka, ili siku njia ikifunguka wawe wa kwanza kurudi. Mapigano yalisimamishwa tarehe 27 Julai 1953, lakini njia haikufunguka mpaka leo.

Kwenye mji wa Busan wakimbizi walijazana. Mtaa wa Uam-dong, familia ziliishi ndani ya mabanda yaliyojengwa kwa ajili ya ng'ombe. Watu wa Hamhung walitamani tambi zao, lakini wanga wa viazi ulikuwa shida kupata. Kilichokuwepo ni unga wa ngano wa msaada wa Marekani. Wakaukanda huohuo, pilipili yao wakaiacha vilevile. Chakula kikaitwa milmyeon: mil ni ngano, myeon ni tambi. Leo wenyeji wa Busan wanajivunia kama chakula cha mji wao.

Hata sisi tunaweza kujaribu hapa na tambi za dukani. Chemsha mpaka ziive. Mwaga maji, kisha zisugue kwa mikono ndani ya maji baridi, mara mbili au tatu, utomvu wa unga utoke zisigandane. Wakorea wana pilipili yao ya kuchachushwa, gochujang. Kama huna, saga pilipili nyekundu na kitunguu saumu, tia siki, sukari, chumvi na mafuta kidogo. Changanya, weka tango na nusu yai juu. Haitakuwa ya Busan kabisa, ila hata ile ya Busan haikuwa ya Hamhung kabisa.

Sasa turudi kwenye mabishano yetu. Wale wamama wa Uam-dong hawakuchagua unga, waliletewa. Walichochagua ni namna ya kuupika, na jina la walikotoka halikupotea. Ila viazi vya Hamhung wajukuu wao wanavijua kwa sababu tu wazee walisimulia. Basi leo jioni muulize mama, au bibi kama yupo: kule nyumbani muhogo uliloweka siku ngapi? Uandike, utuletee hapa kikundini.