Barabara ya Dublin hadi Limerick

Barabara kuu ya Dublin hadi Limerick, nchini Ayalandi, ilijengwa kipande kwa kipande. Mwanzoni ilipita katikati ya miji. Mwaka 1977 namba za barabara zilibadilishwa, ikaitwa N7. Mwaka 1983 ulifunguliwa mchepuo wa Naas, barabara ya kwanza ya mwendo kasi nchini humo, na herufi ikawa M. Portlaoise ulifuata mwaka 1997.

Mchepuo wa Kildare ulikwama kwa miaka. Ulipaswa kuchimbwa chini ya kina cha maji ya ardhini yanayolisha kinamasi cha Pollardstown, makazi ya konokono wadogo sana wanaolindwa na sheria za Ulaya. Ilibidi wahandisi wazuie maji yasivujie barabarani. Ulifunguliwa mwaka 2003, na kipande cha mwisho cha barabara Desemba 2010.

Katika mabango yake, Kiayalandi hukaa juu ya Kiingereza: Luimneach, kisha Limerick, ingawa wanaokizungumza kila siku ni wachache. Nasi walimu na wanafunzi wa Kiswahili, barabara mpya zinapojengwa kwetu, tuulize mabango yataandikwa kwa lugha gani.