Maumivu ya jino lililotibiwa mzizi, kama umechanjwa karibuni
Jino lililotibiwa mzizi huweza kuuma kwa siku chache, hasa unapotafuna. Chanjo nayo huweza kuleta homa na maumivu ya mkono kwa siku moja au mbili.

Mtu mzima wa kilo 50 au zaidi anaweza kumeza parasetamoli miligramu 1,000 kila baada ya saa 6, asizidishe miligramu 4,000 kwa saa 24. Usimeze dozi ya jino, kisha nyingine ya chanjo: dozi moja hutuliza yote mawili. Mtoto hupewa kulingana na uzito wake, wala asipewe aspirini. Mjamzito asitumie ibuprofeni bila kumuuliza daktari.

Uso ukivimba, homa ikizidi siku mbili, au ukishindwa kumeza, usidhani ni chanjo tu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.