Konzi ya Unga: Biskuti za Krismasi katika Historia Yetu

Ikifika wiki ya mwisho ya Majilio, jioni za Mjimwema huwa na harufu mbili. Ya kwanza ni ya udongo uliolowa, kwa kuwa mvua zimeshaanza na mahindi yanaota. Ya pili hutoka jikoni: harufu ya sukari, siagi na kakao, pale mama anapofunua sufuria yenye makaa juu ya mfuniko, na watoto wa nyumba tatu wamemzunguka. Ni biskuti za chokoleti. Wengi wetu tumejifunza kuzioka nyumbani miaka ya karibuni, na tumezipenda kwa kuwa ni rahisi na hata mtoto mdogo anaweza kusaidia kuviringisha unga.

Kwa kuwa sasa zimekuwa sehemu ya Krismasi yetu, tumeona ni vema tujiulize: zimetoka wapi, na sisi Wakristo wa Songea tuzipokee kwa moyo gani?

Tuanze na jina. Neno biskuti lina asili ya Kilatini, na maana yake ni kitu kilichopikwa mara mbili. Ulikuwa mkate uliookwa, kisha ukarudishwa motoni ukauke kabisa, ili mabaharia na askari waubebe safari ndefu bila kuoza. Basi kwanza kilikuwa chakula cha shida. Baadaye, katika monasteri na miji ya Ujerumani, watu walitia asali na viungo vilivyotoka Mashariki, kama mdalasini na karafuu. Viungo hivyo vilikuwa ghali, kwa hiyo mikate midogo ya namna hiyo iliwekwa kwa ajili ya sikukuu, hasa Krismasi.

Chokoleti ilikuja kwa njia nyingine. Mkakao ni mti wa bara la Amerika, na watu wa Meksiko walikuwa wakinywa kakao kabla Wahispania hawajafika huko katika karne ya 16. Mwaka 1828, huko Uholanzi, familia ya van Houten ilipata hati ya namna ya kukamua mafuta ya kakao ili kubaki na unga mkavu; ndio unga tunaoununua leo katika kopo. Biskuti yenye vipande vya chokoleti ni changa zaidi: ilianzishwa na Ruth Wakefield katika nyumba yake ya wageni huko Massachusetts, Marekani, katika miaka ya 1930.

Kwa hiyo kitafunwa hiki ni mgeni kwetu. Lakini hata Injili ilitufikia kwa miguu ya wageni, na kuhusu ujio huo historia ya Songea inatudai tuseme ukweli wote.

Mwaka 1898 Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, kutoka Bavaria, walifungua misheni ya Peramiho wakiongozwa na Padre Cassian Spiss. Walitoka katika nchi ambayo hadi leo familia huoka biskuti ndogo katika majuma ya Majilio. Lakini walifika katika nchi iliyokuwa inatawaliwa kwa nguvu na serikali ya Wajerumani wenzao. Julai 1905 Vita ya Majimaji ilianza katika milima ya Wamatumbi, ambako watu walilazimishwa kulima pamba. Agosti ile Spiss, ambaye wakati huo alikuwa Askofu, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, akiwa safarini kuja huku. Septemba vita ilifika Ungoni. Misheni ya Peramiho ilichomwa moto na Padre Franciscus Leuthner akauawa.

Kisasi cha serikali kilikuwa kikubwa. Tarehe 27 Februari 1906, hapa Songea, viongozi wa Wangoni zaidi ya 60 walinyongwa, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Baadhi yao walibatizwa kabla ya kunyongwa. Kila mwaka tunawakumbuka pale Mahenge, kwenye makumbusho na kaburi lao la pamoja.

Lakini kamba haikuua watu wengi kama njaa. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji, yakateketeza mashamba na kutwaa nafaka iliyokuwa ghalani, ili watu wasiweze kuendelea kupigana. Hesabu za wanahistoria juu ya waliokufa katika vita ile yote huanzia 75,000 na kufika 300,000, na wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Hivyo kanisa letu limekulia katika ardhi ambayo watu wake walikufa kwa kukosa unga. Mkristo wa Songea anapokanda unga wa sikukuu, ni haki akumbuke jambo hilo.

Na kakao nayo ina machozi yake. Miaka ile ile ambayo wazee wetu walikuwa wakitumikishwa kwa viboko, katika visiwa vya São Tomé vibarua waliochukuliwa kutoka Angola walivuna kakao katika hali isiyotofautiana na utumwa. Habari zilipoenea, makampuni ya chokoleti ya Uingereza, Cadbury likiwamo, yaliacha kununua kakao ya visiwa hivyo mwaka 1909. Sikukuu za mezani kwa watu wa mbali zilikuwa zimetiwa utamu kwa migongo ya Waafrika.

Sisi wenyewe tumepita katika miaka ya kukosa, ingawa si kwa uchungu wa 1906. Wale tuliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita ya Kagera, tunakumbuka foleni mbele ya maduka ya ushirika. Sukari ilipimwa kidogo kidogo, unga wa ngano ulionekana kwa nadra, na sabuni ilikuwa kama dhahabu. Kulikuwa na Krismasi ambazo chai ilitiwa asali ya misitu ya miombo au ilinywewa kavu, na badala ya maandazi mama zetu walipika mkate wa mahindi uliofungwa katika majani ya mgomba. Hata hivyo mkate ule ulikatwa vipande vingi, na vipande viwili au vitatu vilipelekwa jirani vikiwa bado vya moto. Watoto ndio tuliotumwa. Tulikwenda na sahani iliyofunikwa, na haikurudi tupu: mwenye nyumba alitia chochote, hata kama ni maembe mawili.

Siku hizi dukani vitu vipo. Unga, sukari na siagi vinapatikana mpaka kwenye vibanda vya mtaani. Kakao nayo si ya mbali tena. Inalimwa Kyela, kaskazini mwa ziwa lile lile la Nyasa ambalo wenzetu wa Mbamba Bay wanavua samaki. Sehemu kubwa ya kakao hiyo huuzwa nje ikiwa punje kavu, kisha hurudi nchini ikiwa chokoleti ya bei ambayo mkulima mwenyewe huikwepa. Tunapopata unga wa kakao uliosagwa nchini, tuuchague.

Kuoka kwenyewe hakuhitaji oveni. Changanya siagi robo kilo na sukari kikombe kimoja mpaka ilainike na kuwa nyeupe. Tia yai moja na chumvi kidogo. Chekecha unga wa ngano vikombe viwili na nusu pamoja na kakao nusu kikombe, uchanganye polepole mpaka upate donge laini. Viringisha vidonge vidogo kama ndimu changa, uvibonyeze kwa uma juu ya sahani ya bati iliyopakwa mafuta. Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, uipashe moto, kisha ingiza sahani juu ya vijiwe vitatu ili isiguse mchanga. Funika, weka makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Baada ya robo saa anza kuchungulia. Zitoe zikiwa bado laini katikati, kwa kuwa hukauka zinapopoa. Kazi hii yote haimalizi saa moja na nusu.

Ugumu uko baada ya hapo. Desemba ya kwetu si mwezi wa mavuno. Fedha imekwenda kwenye mbegu na mbolea, ghala linaanza kupungua, na ada na sare za Januari zinasubiri. Katika mtaa mmoja kuna nyumba inayooka na nyumba inayonusa harufu tu. Tunakiri kwamba Krismasi moja tulioka mlango ukiwa umefungwa, ili zisiishe kabla wageni wetu kutoka mjini hawajafika. Watoto wa jirani walikaa barazani kwao, wakitazama mlango wetu. Biskuti zilitosha wageni, zikabaki. Lakini hatukuzifurahia, na mwaka uliofuata tulipoanza kukanda unga tulikumbuka macho yale.

Maandiko yanatusimulia habari za mjane wa Sarepta, wakati wa njaa. Alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo katika chupa, akiokota kuni ili apike chakula cha mwisho cha yeye na mwanawe. Nabii Eliya, mgeni asiyemjua, alimwomba kwanza amwokee yeye mkate mdogo. Mjane akafanya hivyo, na unga haukupunguka. Tuangalie utaratibu ule: mkate wa kwanza ulitoka nje ya nyumba kabla mwenye nyumba hajala.

Bethlehemu, mji alikozaliwa Bwana, maana yake ni nyumba ya mkate. Alizaliwa humo, lakini mama yake alikuwa amekosa nafasi katika nyumba ya wageni. Jambo hilo linatuhusu sisi tunaokaa katika mtaa unaoitwa Mjimwema.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tumejiwekea desturi. Sufuria ya kwanza ya biskuti haibaki nyumbani. Watoto hupewa sahani zilizofunikwa, moja kwa nyumba ya mzee anayeishi peke yake, moja kwa jirani asiyesali nasi, na moja kwa nyumba ambayo tunajua mwaka huu haikununua kitu. Tunaanza kula tukiona wamerudi.