Tembo, Mlima na Hela: kwa nini sarafu moja ni mali na nyingine ni chuma tu

Ukimwuliza mtu hapa Moshi sarafu ya zamani ina thamani gani, atakujibu kwa umri: "Hiyo ya Mjerumani? Mamilioni hayo!" Jibu hili nimelisikia stendi, nimelisikia sokoni Kiboroloni, na nimelisikia Marangu na Machame kwenye nyumba ambazo bibi ana kopo la sarafu chini ya kitanda. Jamani, siyo hivyo. Umri peke yake haulipi. Kinacholipa ni mambo mawili: zimebaki ngapi, na hiyo uliyoshika iko katika hali gani. Mfano mzuri wa jambo hili umechorwa mlima wetu wenyewe.

Tuanze na neno "hela". Limetoka kwa Heller, sarafu ndogo ya Mjerumani. Kuanzia 1904, rupia moja ya koloni ilikuwa na hela 100. Sarafu zilitengenezwa Ujerumani na kuletwa kwa meli. Vita vilipoanza 1914, manowari za Waingereza zilifunga bahari. Sarafu haziji, lakini askari na vibarua wanataka ujira wao. Basi 1916 karakana ya reli ya Tabora ikawa kiwanda cha sarafu.

Pale Tabora zilitoka hela 20 za shaba, nyekundu na ya njano, zaidi ya milioni moja. Ikatoka pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, dhahabu yake ikichimbwa Sekenke, Iramba. Upande mmoja kuna tai wa Ujerumani. Upande wa pili kuna tembo amenyanyua mkonga, na nyuma yake unaonekana mlima Kilimanjaro. Chini kuna herufi T, yaani Tabora. Zilitengenezwa takribani 16,000 tu.

Kwa nini chache hivyo? Muda uliisha. Mwezi Machi 1916 majeshi chini ya Jan Smuts yaliingia Moshi. Mwezi Septemba Wabelgiji waliingia Tabora. Kabla mwaka haujaisha, mlima ulioko kwenye sarafu na mji ulioitengeneza vyote vilikuwa mikononi mwa adui. Uchache wake ni matokeo ya vita.

Sasa piga hesabu. Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 7.16 hivi, na robo tatu yake ndiyo dhahabu halisi, yaani gramu 5.4 hivi. Sonara atakulipa hizo gramu. Mkusanyaji atalipa gramu, halafu ataongeza kwa ajili ya tembo, mlima na ile T. Lakini sarafu ikishatobolewa ili ivaliwe shingoni, au ikiunganishwa kwenye pete, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inapotea. Bado ni dhahabu ileile na bado ni chache vilevile, ila imejeruhiwa.

Hela 20 zimetoka karakana hiyohiyo, mwaka huohuo, lakini ni nyingi. Iliyosuguka mpaka tarakimu hazisomeki haimtajirishi mtu. Inayoonyesha taji na mwaka vizuri ni habari nyingine.

Mfano wa pili uko kwenye kopo la bibi: senti ya tundu. Edward VIII alikuwa mfalme wa Uingereza kuanzia Januari mpaka Desemba 1936, akaacha kiti. Kwao Uingereza hakuna sarafu ya matumizi iliyotoka na jina lake. Huku kwetu senti 5 na senti 10 za 1936 zilitoka nalo, kwa sababu sarafu yenye tundu haihitaji sura ya mfalme. Hadithi tamu, sivyo? Lakini zilitengenezwa kwa mamilioni. Hadithi haipunguzi idadi. Kilicho adimu ni ile ambayo haikupita mikononi mwa watu.

Ndivyo ilivyo hata kwa shilingi ya 1966 yenye sura ya Mwalimu na Mwenge, Mwenge uleule Alexander Nyirenda aliopandisha Kilimanjaro Desemba 1961. Iliyozunguka kwenye daladala na magenge ni kumbukumbu tu. Iliyobaki na mng'aro wa kiwandani inatafutwa, na zaidi zile seti chache zilizotengenezwa maalum kwa wakusanyaji.

Wenzetu wana kipimo cha hali hiyo. Mmarekani William Sheldon alikitoa 1949, kuanzia 1 mpaka 70. Sehemu zilizoinuka ndizo huisha kwanza: nywele, nyusi, mgongo wa mnyama. Hatua chache juu au chini zinaweza kubadilisha bei mara kadhaa.

Sasa kinachoniuma. Mtu akisikia mnunuzi anakuja, kitu cha kwanza anachofanya ni kuchukua majivu na limau, anasugua mpaka sarafu inang'aa. Anadhani anaipendezesha, kumbe anafuta ngozi iliyochukua miaka mia kujijenga, na hairudi. Mnunuzi naye ataitumia mikwaruzo ileile kushusha bei.

Kwa hiyo ukienda mlimani Desemba hii, muombe bibi akuonyeshe kopo lake. Shika sarafu kwa ukingo. Soma mwaka, tafuta T. Usisugue, usitoboe, na usiuze siku hiyohiyo.