Kiti na Muda Wake

Leo nitawasimulieni habari ya maneno machache yanayoongezwa au kufutwa katika katiba, yaani sheria kuu ya nchi, juu ya muda wa mtu kukaa katika kiti cha utawala. Lakini kwanza twende Mazinde, mahali wapitapo watu wa Korogwe wakisafiri kwenda Same.

Wazee husema kwamba mwindaji Mbegha alitoka Ngulu, akakaa Kilindi, nchi iliyohesabiwa katika wilaya ya Handeni mpaka mwaka 2002. Kisha akapanda milima ya Usambara, akatawazwa huko Vuga. Wazigua wenyewe hawakuwa na mfalme mmoja. Kila upande ulikuwa na wakuu wake. Bali uzao wa Mbegha, ndio Wakilindi, ulitawala Usambara, na aliyesifiwa kupita wote ni Kimweri ye Nyumbai. Alitawala hata akawa mzee sana, akafa mwaka 1862.

Hapo ndipo msiba ulipoanza. Mjukuu wake, Shekulwavu, alitawazwa Vuga. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde chini ya milima, penye njia ya misafara, na biashara ilimpa bunduki. Akamfukuza mjukuu yule. Wabondei nao wakaasi, na watu wengi wakatekwa wakauzwa pwani. Msidhani kwamba Wasambaa hawakuwa na desturi ya kumweka mfalme. Desturi walikuwa nayo, ila mwenye bunduki hakuiogopa.

Wamarekani nao walitegemea desturi. George Washington aliondoka mwaka 1797 baada ya vipindi viwili, na waliomfuata wakamwiga. Kisha Franklin Roosevelt akachaguliwa mara nne, akafa kazini mwaka 1945. Hapo wakaona desturi haitoshi, wakaiandika: badiliko la 22 la katiba yao, lililokamilika mwaka 1951, lamkataza mtu kuchaguliwa zaidi ya mara mbili.

Kwetu Tanganyika ilipokuwa jamhuri, mwaka 1962, Rais hakuwekewa mwisho wa vipindi vyake. Mwisho huo uliwekwa mwaka 1984, katika badiliko la tano la katiba ya 1977, lile lile lililotia ndani haki za raia: mtu asichaguliwe kuwa Rais zaidi ya mara mbili, kila mara miaka mitano. Mwalimu Nyerere aliondoka mwaka 1985 kwa hiari yake. Lakini Mwinyi, Mkapa na Kikwete, kila mmoja alikaa miaka kumi akampisha mwenzake.

Na kilichoandikwa chaweza kufutwa. Katiba ya Uganda ya 1995 iliweka vipindi viwili. Mwaka 2005 Bunge lao likaviondoa. Mwaka 2017 likaondoa na sharti la kwamba mgombea asizidi umri wa miaka 75. Kwetu, ibara ya 98 yataka theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo fulani ya Muungano theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar. Mwananchi wa Handeni haulizwi kwa kura yake mwenyewe. Mimi naona ua huo ni mfupi.

Hata hivyo, ua mfupi si sawa na uwanja mtupu. Tarehe 17 Machi 2021 Rais Magufuli alifariki, kipindi chake cha pili hakijatimiza hata miezi mitano. Vuga ya mwaka 1862 wangalijiuliza nani ana bunduki nyingi. Safari hii watu walifungua katiba, na ibara ya 37 ikamtaja Makamu wa Rais. Tarehe 19 Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Ibara ya 40 nayo ilikuwa imekwisha kumpimia muda: kwa kuwa miaka iliyosalia ilizidi mitatu, baada ya hapo angeruhusiwa kugombea mara moja tu.